Mlango Jike

Jumanne asubuhi Filomena alikuwa barazani kwake anakwangua magome ya mdalasini, mjumbe alipopita kumwambia kwamba Jumamosi anatakiwa nyumbani kwa mzee Anselmi, kuna kikao cha ukoo. Hakumpa barua. Barua zilikuwepo, zimechapwa kwa kompyuta kule Mkuyuni, lakini watu wa kwao Filomena hawakuwahi kupewa karatasi. Wao waliambiwa kwa mdomo, tena mwisho wa wote, mjumbe akiwa njiani kurudi kwake kula.

"Kikao cha nini?" aliuliza, kisu hakijaacha gome.

"Cha mashamba. Wapimaji wa hati za kimila wanaingia Kinole Jumatatu. Mzee anasema kabla hawajafika, kila mtu ajue anakaa kwa nani."

"Mimi nakaa kwangu."

Mjumbe alikuwa amekula machungwa ya Filomena tangu utotoni. Alitazama kuku, akatazama paa. "Mama Winfrida, mimi nimetumwa tu," alisema, akaondoka upesi.

Hapakuwa na fumbo hapo. Kilichotafutwa ni kipande cha bondeni, ekari mbili kasoro kando ya kijito, chenye michungwa, mikarafuu kumi na mmoja na midalasini iliyopandwa na mama yake, marehemu Scholastika, ambaye naye amelala humo humo chini ya msalaba wa saruji. Mpimaji akiandika jina la Anselmi kwenye hati, basi Filomena, mwenye miaka hamsini na miwili, atakuwa mpangaji kwenye kaburi la mama yake mzazi. Aliendelea kukwangua, lakini gome alilolishika alilikwangua mpaka likatoboka.

Mgeni wa Kinole inafaa aelezwe jambo moja. Waluguru huuita ukoo lukolo, na lukolo hugawanyika milango, kila mlango ukianzia kwa bibi mmoja. Mtoto hufuata mlango wa mama yake, na ardhi hufuata njia hiyo hiyo. Lukolo la akina Filomena lilikuwa na milango minne. Mitatu ilikuwa ya heshima. Wa nne ulikuwa wake, na ulijulikana kwa msemo uliotamkwa kwenye kila msiba na kila tambiko, watoto wakishaondolewa: *Mlango jike ulitoka pwani, ukabebwa na wanaume wanane, ukalazwa Kinole, hausimami tena.*

Maana yake kila mtu aliijua, au alidhani anaijua. Mlango jike ni mlango wa mwanamke asiye na kwao. Alinunuliwa pwani, akabebwa kupandishwa mlimani, akazaa. Na uzao wake hausimami: hausimami kusema kikaoni, hausimami kumiliki. Waliitwa "wa kubebwa." Msibani walichota maji na kula mwisho. Kikaoni walikaa chini kwenye mkeka, wakati wazee wa milango mitatu wamekaa juu ya ubao mkubwa barazani kwa Anselmi. Hayo yote yalifanywa kwa upole kabisa, na hakuna aliyewahi kutukanwa. Ndiyo maana yalidumu.

Mumewe, Ernest, alipoambiwa habari ya kikao aliweka jembe chini akauliza, "Mimi nitasimama wapi?"

"Pale pa siku zote."

Pale pa siku zote palikuwa uani, karibu na mbuzi. Ernest alikuwa Mpogoro wa Mahenge, aliyefanya kazi miaka kumi kwenye mashamba ya miwa kabla hajamfuata Filomena mlimani. Mume aliyehamia kwa mkewe ni mgeni wa kudumu: analima, anachimba makaburi, anabeba wagonjwa, ila kikao cha ukoo wa mke hakimhusu. Alizoea kutania kwamba yeye ndiye aliyeolewa. Siku hiyo hakutania.

Alhamisi mchana binti yao Winfrida aliteremka kwenye bodaboda na begi lililojaa vumbi. Alikuwa mwaka wa pili chuoni Mazimbu, anasomea utalii, na alikuwa ametoka wiki nane za mafunzo kwa vitendo huko Mwambakale, mji mkongwe wa bandari. Alitakiwa aende moja kwa moja kwenye chumba chake Mafiga akaandike ripoti. Lakini mtu aliyeona mambo mapya hawezi kukaa nayo chumbani peke yake, kwa hiyo alipanda mlima kwanza kuja kuyasimulia.

Walikula ugali na mlenda, na yeye akasimulia kinywa kimejaa. Mji wa Mwambakale, alisema, ulizungushiwa ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, mnene kiasi kwamba mbuzi hutembea juu yake wawili wawili. Pembeni kuna minara ya walinzi. Na kuna malango matatu: Lango la Bahari, Lango la Soko na Lango la Bara, ambalo misafara ya kutoka huku kwetu iliingilia. Saa kumi na mbili jioni yote yalifungwa.

"Mji mzima unafungwa?" Ernest aliuliza. "Kama banda la kuku?"

"Mji mzima, Baba. Ukichelewa unalala nje na mzigo wako."

"Na aliyeshikwa na tumbo je? Choo kilikuwa ndani au nje?"

"Baba, hilo sikuliuliza."

"Wiki nane zote hukuuliza la maana," alisema Ernest, akamega tonge. Lakini macho yake yalikuwa yamechangamka. Alikuwa mtu wa kupenda kujua kitu kilivyofungwa na kilivyofunguliwa. "Hilo lango lenyewe lilikuwa la nini? Chuma?"

"Mvule. Lango la Bara lina ubao mmoja tu siku hizi, wa pili wameziba na bati. Afisa wetu wa mambo ya kale, kaka Ezekiel, huwa analiangalia bati lile kama mtu aliyeng'oka jino la mbele. Anasema mlango wa kipwani una mbao mbili, wa kulia dume, wa kushoto jike. Dume lipo. Jike halijulikani lilipo, miaka zaidi ya mia sasa. Anachojua ni kwamba..."

"Unasema nini?" Filomena aliuliza. Hakuwa akisikiliza sana. Mawazo yake yalikuwa bondeni.

"Jike, Mama. Mlango jike."

Filomena alitua tonge kwenye sahani. Ernest akamtazama mkewe, kisha akatazama moto. Winfrida, ambaye siku zote aliondolewa msibani pamoja na watoto wenzake kabla ya msemo ule kutamkwa, na ambaye mama yake aliapa hatamwambia kamwe, aliwatazama wote wawili asielewe amesema tusi gani.

"Mwambie," alisema Ernest. "Jumamosi atayasikia kwa Anselmi. Bora ayasikie kwako."

Basi Filomena akautamka ule msemo, uso umeelekea kwenye sufuria. Akaeleza habari ya kikao, ya kipande cha bondeni na kaburi la Scholastika. Aliyasema harakaharaka, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu kwa daktari.

"Rudia, Mama," Winfrida alisema.

"Nirudie nini? Aibu hairudiwi."

"Mama, nakuomba. Ukabebwa na wangapi?"

"Wanane."

"Mtu mmoja mwanamke anabebwa na wanaume wanane? Alikuwa tembo?" Winfrida alisimama, akakaa, akasimama tena. "Machela hubebwa na wawili, wanne kwa kupokezana. Mama, huyo si mtu. Ni ubao. Ni mlango wa kweli, wa kufunga na kufungua. Mnanielewa? Wameuchukua mlango wakaufanya mtu."

Ernest alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Filomena hakucheka kabisa. Alikuwa ameishi na neno lile nusu karne, na mtu hakubali upesi kwamba mzigo aliokuwa akiubeba haukuwa wake.

"Maneno ya wazee si chemshabongo ya gazetini," alisema. "Haya, tuseme ni ubao. Uko wapi?"

Hilo lilikuwa swali la haki.

Ijumaa walitafuta. Winfrida alikuwa na picha ya lile dume kwenye simu, na vipimo alivyovichukua mwenyewe akimsaidia Ezekiel: urefu futi tisa, upana futi nne, unene wa kiganja. Ernest alichukua futi yake ya fundi wakazunguka nayo. Walipima daraja la kijitoni wakakuta ni mkaratusi wa juzijuzi. Walikwenda misheni, wakaomba ruhusa kwa mtunza stoo, wakapima milango yote ya majengo ya zamani. Mtunza stoo aliwafuata nyuma kila hatua, naye mwishowe akanogewa, akawafungulia hata dari. Yote ilikuwa ya mbao za misonobari, zimepigiliwa na mapadri. Walipokuwa wakitoka, majirani waliokaa kwenye mawe ya njiani waliuliza Mpogoro anapima nini, jeneza la nani.

"La uongo," alijibu Ernest. "Maiti bado tunaitafuta."

Lakini hadi jua linashuka hawakupata kitu. Filomena aliwapokea mlangoni mikono kiunoni, akaona nyuso zao, na hakuuliza.

"Kesho usifungue mdomo wako, Winfrida," alisema. "Watatucheka. Nimeshachekwa ya kunitosha, sitaki nichekwe na wewe ukiwepo."

Winfrida akaahidi.

Baraza la mzee Anselmi lilikuwa refu, na ukuta wake ulikuwa umepakwa chokaa mpya kwa ajili ya wapimaji. Ule ubao ulikuwa mahali pake, umelazwa juu ya mawe manne, mweusi, unang'aa kwa kukaliwa. Wazee sita wa milango mitatu walikuwa wameshakaa, na katikati yao Benedikto, mwenyekiti wa kijiji, aliyealikwa ili atakapokaa na wapimaji Jumatatu awe ameshasikia neno la ukoo. Chini, mikeka ilitandikwa kwa vijana na wanawake. Mkeka wa Filomena ulikuwa wa mwisho, karibu na kamba ya mbuzi, na haukutosha miguu.

"Shikamoo, mjomba," alisema Filomena.

"Marahaba, Mama Winfrida," alijibu Anselmi. Wengine wote wa umri wake aliwaita wapwa. Yeye alimwita kwa jina la mtoto wake, kama jirani aliyehamia.

Anselmi hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe. Alikuwa na miaka sabini na tatu, goti bovu, na wapwa watano waliorudi kutoka Dar es Salaam bila kazi, ambao kila asubuhi walimtazama kama vile ardhi iko mfukoni mwake. Aliamini anachosema. Mtu anayeamini anachosema ni mgumu kumjibu kuliko mwongo.

Alisema kwa utaratibu. Hakuna anayemfukuza Mama Winfrida. Atakaa, atalima. Lakini kipande cha bondeni ni cha mlango mkubwa, kilitolewa kwa hisani kwa mlango uliokuja, na msemo wa wazee unashuhudia. Akautamka wote, taratibu, na safari hii watoto hawakuondolewa. Tena, alisema, marehemu Scholastika mwenyewe alijua, maana kila mwaka alileta kuku. Kuku yule alikuwa ngoto, yaani ile zawadi ambayo mkaaji humpelekea mwenye ardhi kukiri kwamba si yake.

"Mjibu, mama," alisema Benedikto.

Filomena alianza kunyanyuka.

"Kaa tu, mama, tunakusikia," mzee mmoja alisema, tena kwa upole. "Utaratibu ni ule ule."

Akakaa. Hata goti lake halikuwa limenyooka.

"Kuku nilimleta mimi kwa mikono yangu, nilikuwa mtoto," alisema kutoka chini. "Na mama yako, mjomba, kila mwaka alituletea kikapu cha vitunguu. Naye alikuwa analipa ngoto kwetu?"

Mikekani watu walikohoa ili wasicheke. Lakini kicheko si ushahidi, na Benedikto alisema hivyo hivyo: vitunguu ni vitunguu, msemo ni msemo, kuna la zaidi?

Filomena akavuta khanga kufunika magoti. Winfrida alikuwa pembeni ya mama yake na machozi ya hasira yamefika kwenye kope. Kwa kuwa hakutaka kuwapa wazee raha ya kuyaona, aliinamisha kichwa mpaka karibu na sakafu. Na akiwa ameinama hivyo, akaona chini ya wazee.

Wale waliokaa juu ya ubao hawakuwahi kuuona upande wake wa chini. Waliokaa kwenye mikeka ya mbele walizibwa na mawe na miguu ya wazee. Ila mtu wa mkeka wa mwisho, aliyekaa pembeni kabisa na kuinama, aliweza kuona. Kulikuwa na utando wa buibui na vumbi la miaka. Na nyuma ya utando, safu tatu za misumari mikubwa yenye vichwa vya duara, vimeliwa na kutu. Na nakshi.

Alikuwa ameahidi kunyamaza. Alimvuta mama yake khanga. "Mama," alinong'ona, "tazama chini ya wazee."

Filomena aliinama. Misumari ile aliijua tangu ana miaka saba. Aliwahi hata kuihesabu, vikao vilipokuwa virefu. Siku zote alidhani ni ubao mbaya uliookotwa mahali. Sasa aliitazama kwa muda, midomo inachezacheza, na watu wakadhani anasali.

"Wazee wangu," alisema, "naomba mnyanyuke."

Hapo walicheka waziwazi. Anselmi hakucheka. "Ninyanyuke nikupishe ukae, Mama Winfrida?"

"Hapana, mjomba. Nataka tuone mmekalia nini."

Pangekuwa na maneno marefu hapo, lakini Benedikto alikuwa na ugonjwa mmoja uliojulikana kijiji kizima, nao ni kutoweza kuacha kitu bila kukichungulia. Aliinuka, akapiga magoti na suruali yake ya kikao, akaingiza kichwa chini ya ubao. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa na utando kwenye nyusi.

"Geuzeni," alisema.

Mgeni akisimama, mwenyeji hakai. Wazee wakainuka mmoja mmoja, Anselmi wa mwisho, ameshika goti. Vijana wanne wakashika ncha nne, wakavuta. Ubao haukutikisika hata kidogo. Wakaongezeka wawili. Ukainuka kidole, ukarudi, nusura umvunje mmoja vidole. Akaja wa saba. Ukasogea, ukaning'inia upande mmoja, na kijana wa pembe ya kushoto akasema kwa shida kwamba mtu mmoja zaidi, jamani, mtu mmoja tu. Hapakuwa na kijana mwingine.

"Mwiteni Mpogoro," alisema Benedikto.

Ernest alitoka kwa mbuzi, akapanda barazani kwa mara ya kwanza tangu aoe, akatema mate viganjani. Ubao ukainuka, ukageuka, ukasimamishwa kuegemea ukuta. Wanaume wakaachia, wanahema. Kisha mmoja wao, mpwa wa Anselmi mwenyewe, akawatazama wenzake, na bila kukusudia kusema kwa sauti akawahesabu hadi nane.

Filomena alikuwa amesimama wima, na hakuna aliyemwambia akae.

Winfrida alifuta vumbi kwa khanga ya mama yake. Ukingoni, kuanzia juu hadi chini, ilikuwepo nakshi ya kamba iliyosokotwa, na katikati ya urefu wake ua kubwa. Lakini ua lilikuwa nusu. Lilikatika penye ukingo wa ubao, kana kwamba fundi alichoka. Akafungua picha kwenye simu, akampa Benedikto. Kwenye picha, dume la Mwambakale lilikuwa na kamba ile ile, na penye ukingo wake wa ndani palikuwa na nusu ya pili ya ua.

Mtandao wa Kinole hushika nyuma ya choo cha Anselmi na kwenye kaburi la padri, basi. Winfrida aliupiga ubao picha mbele na nyuma, akakimbilia nyuma ya choo, akazituma. Haukupita muda mrefu simu ikaita. Aliweka sauti ya nje, na kikao kizima kikahamia nyuma ya choo kusikiliza, wazee kwa vijana.

"Winfrida, uko wapi?" Ezekiel alikuwa Mgogo wa Kongwa, mtu wa kusema polepole, lakini siku hiyo hakusema polepole. "Umelitoa wapi hilo? Nani kakupa? Usiruhusu mtu alikalie."

Mtu mmoja akaguna.

"Kijana, naitwa Benedikto, mwenyekiti wa kijiji. Hicho tulichonacho ni kitu gani?"

"Shikamoo mzee. Hilo ni jike la Lango la Bara. Mlango jike. Dume lake tunalo hapa, lilibaki mjane."

"Rudia jina lake."

"Mlango jike, mzee. Ndivyo unavyoitwa."

"Na ulifikaje huku?"

"Hilo nalitafuta mimi miaka sita. Kuna habari kwamba ukuta ulipoacha kuwa na kazi, wapagazi wa bara waliuchukua mlango huo. Kwa nini, sijui. Labda ujira wao. Mzee, ule mlango unahitaji wanaume kama saba au wanane. Kuupandisha mlimani..." Simu ilikatika.

Watu walianza kubahatisha pale pale. Mmoja alisema waliuiba. Mwingine akasema walipewa badala ya nguo. Ernest alitaka kujua kama waliubeba kichwani au begani, na mvua iliponyesha waliufanya paa au la. Ilikuwa furaha ya ajabu, watu wote wamesahau kilichowaleta.

"Labda siku moja walifungiwa nje," Filomena alisema. Ndilo neno pekee alilosema.

Walicheka, wakidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amejaa hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya shamba. Mama yake alikufa akijua kwamba yeye ni uzao wa mtu aliyenunuliwa. Alipokuwa anakata roho aliomba azikwe bondeni, mbali na makaburi ya ukoo, ili asiwasumbue wenye mji. Hakukuwa na mtu aliyenunuliwa. Kulikuwa na ubao, na watu waliopanda mlima nao, na baadaye watu waliosahau. Na mama yake aliinama maisha yake yote kwa ajili ya samani.

Waliporudi barazani, Benedikto hakukaa. Pa kukaa hapakuwepo.

"Mzee Anselmi," alisema, "zaidi ya msemo una nini?"

Anselmi aliutazama ubao. Ulikuwa umemzidi kimo. "Kuku," alisema mwishowe.

"Kuku ana vitunguu vyake. Kingine?"

Hakikuwepo. Benedikto akatamka kwamba kipande cha bondeni kitapimwa kwa jina la anayekilima, aliyekirithi kwa mama yake, kwisha.

Basi ingefaa watu watawanyike. Lakini Ezekiel alikuwa ametuma ujumbe mwingine, na Winfrida akausoma: atakuja na barua ya serikali kuomba ubao, au walau kuupima na kuupiga picha, na angependa kujua ni watu wa mlango gani waliouhifadhi, ili majina yao yaandikwe kwenye kibao pale langoni, Mwambakale, wageni wote wasome.

"Andika mlango wetu," alisema mzee aliyemwambia Filomena akae. "Sisi ndio wa pwani. Babu yangu alikuwa mpagazi."

"Mpagazi gani, babu yako alikuwa hawezi kubeba hata debe," alisema mwingine. "Wa pwani ni sisi. Ulikuwa barazani kwa nani?"

Walibishana mpaka jua likaanza kushuka. Kwa mara ya kwanza katika historia ya lukolo lile, milango mitatu iligombania kuwa wa kubebwa. Filomena aliwaacha wakiendelea. Nyumbani alipika chai, akaweka mdalasini mwingi kuliko kawaida, akalia akimimina, na Ernest akanywa bila kusema kitu chochote, jambo lililomgharimu sana.

Jumatatu wapimaji walifika, dada mmoja mwenye kofia na msaidizi aliyebeba mashine. Walizunguka kipande cha bondeni, wakasimama kila pembe kusubiri satelaiti. Dada yule aliuliza miti imepandwa lini, akaambiwa. Aliuliza kaburi ni la nani, akaambiwa. Alikuwa na sauti ya mtu aliyeuliza maswali hayo hayo mashamba mia mbili.

Upande wa juu kipande kilipakana na shamba la Anselmi, kwa hiyo alitakiwa kushuhudia mpaka. Alishuka taratibu na fimbo yake. Hakuna aliyejua kama angekuja. Alipofika alisimama mkono wa kulia wa Filomena, akavua kofia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata mbele ya kaburi lile siku lilipochimbwa.

Dada wa vipimo aliweka fomu juu ya begi lake. "Mzee, jina lako kamili." Akaandika. "Unakubali mpaka huu, kutoka kwenye jiwe hadi kwenye mkarafuu ule?"

"Nakubali."

"Una uhusiano gani na mmiliki?"

Anselmi aliichomeka fimbo yake kwenye udongo. Alimtazama Filomena usoni, na ilikuwa wazi kwamba kinachomtoka kinamtoka kwa shida, na kwamba hakukifanyia mazoezi.

"Mpwa wangu," alisema. "Andika mpwa wangu."

Filomena alikuwa amelisubiri neno hilo tangu akiwa msichana. Alilisubiri kwenye kipaimara chake, kwenye harusi yake, na zaidi ya yote siku ile walipomshusha mama yake hapo chini na Anselmi akasimama mbali, mkono kwenye fimbo. Lilikuwa neno tamu, tena lilitoka moyoni, na alijua hivyo. Lilifika mahali palipokuwa na nafasi yake, na kumbe nafasi ilishajifunga.

Kalamu ilikuwa imeshashuka kwenye karatasi.

"Dada," Filomena alisema, "andika jirani."

Dada wa vipimo alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Anselmi aliinamisha kichwa, si kukataa wala kukubali. Dada akaandika jirani, akafungua kidau cha wino, na mzee akachovya dole gumba, akalibonyeza mbele ya neno hilo.